Bibi Harusi Aliyerudishwa Mlangoni

Mimi sijawahi kuwa mtu wa kunyamaza, na gitaa nikilishika halinyamazi pia. Nilirudi Juba kutoka Nakuru nikiwa na vidole vyepesi na kichwa kigumu, nikajipachika kwenye bendi ya harusi kama mpiga gitaa wa tatu, yaani yule wa kuitikia tu. Gitaa lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa la kiongozi wa bendi, mzee aliyeishi ukimbizini Uganda miaka mingi, na sote tulimwita Ustaz.

Shida yangu ilikuwa moja. Kichwani mwangu rumba, jazi na roki zilikaa chumba kimoja bila ugomvi. Wenzangu wakipiga rumba tamu ya kawaida, mimi nachomeka kodi za jazi, yale mafungu ya sauti yaliyopinda, halafu nakanyaga kile kisanduku cha mguuni kinachofanya gitaa likwaruze kiroki. Nilikuwa naona raha hadi nacheka peke yangu. Ustaz hakucheka.

"Wewe binti iko na kichwa ngumu," aliniambia asubuhi ya harusi moja ya mtaa wa Hai Malakal, tukifunga spika. "Leo ukipiga hiyo fujo yako, wewe acha gitaa yangu kwa kiti, enda nyumbani. Kalas, imeisha."

Niliogopa, nisidanganye. Bila gitaa lile ningekuwa nani? Juba nzima sikumjua mtu mwingine wa kuniazima. Nikaapa kwamba leo nitapiga kwa adabu ya msichana wa kwaya.

Sasa, kama hujawahi kuona bibi harusi wetu akiingia, pole sana. Haingii, anatambaa! Hatua moja, anasimama. Mashangazi wanamzunguka, wanacheza mbele yake, vigelegele juu, na mpaka waridhike wao haendi popote. Na wimbo usikatike hata sekunde. Ukikatika kabla hajakaa, mashangazi wanachukulia kwamba mmemtukana mtoto wao.

Siku hiyo mashangazi walikuwa kumi na mmoja, wote wana nguvu. Bibi harusi hajafika hata nusu ya hema, Ustaz kamaliza beti zote. Akazirudia. Akazirudia tena. Sauti ikamkauka, akaanza kukohoa, akanigeukia na kunipungia mkono: jaza, jaza!

Nikajaza. Mwanzoni kwa heshima zote. Lakini wale mama walikuwa wanapiga makofi yao wenyewe, ya nyumbani kwao, yanayopishana kidogo na ngoma zetu, na masikio yangu yakaenda huko. Nikawafuata. Kodi moja ya jazi ikaingia, ya pili ikaja nyuma yake, na kabla sijajikataza mguu ulishakanyaga kisanduku. Gitaa likalia hema zima. Mama yangu wee! Nilijua nimejimaliza. Nikasema basi, kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nimeshiba, nikapiga kila nilichokuwa nacho.

Shangazi mkubwa akasimama ghafla, mikono kiunoni. Vidole vyangu havikuacha. Halafu akainamisha mabega, akaanza kuyatikisa kwa kufuata gitaa, na wenzake kumi wakaingia. Simu zote zikawa hewani. Bibi harusi alicheka mpaka shela ikamdondoka.

Hatimaye alikaa, nami nikamaliza, jasho linanitiririka. Nikavua mkanda, nikalilaza gitaa kitini kama nilivyoagizwa. Nilitaka kulia.

"Kamaan!" shangazi mkubwa akapaza sauti, yaani tena. "Kuingia huku hakujatutosha! Mrudisheni mlangoni, aingie upya!"

Wakamwinua bibi harusi, wakamgeuza, wakaondoka naye, bwana harusi kaachwa mdomo wazi.

Ustaz alinitazama, akakitazama kiti. Akaliokota gitaa lake, akanivisha mkanda begani kwa mikono yake mwenyewe, akawapa wenzetu ishara wasubiri.

"Anza wewe," akasema. "Sisi tutafuata."