Msusi ajutia mwisho wa hadithi alioutunga mwenyewe

Ni saa mbili asubuhi, Jumamosi, na Nabwire ameshapiga deki sakafu ya saluni yake mara mbili. Saluni yenyewe ni chumba kimoja cha mabati nyuma ya soko la mji wa Kakamega, na sakafu yake haikuwa na uchafu wa kupigiwa deki mara ya pili. Leo mikono yake haitaki kutulia.

Anafungua pakiti za rasta, anazinyoosha, anazipanga kwenye meza. Anaweka sufuria ya maji juu ya jiko. Kisha anafanya jambo ambalo wateja wake hawajawahi kuliona: anakigeuza kiti, kikaacha kutazama kioo, kikamtazama yeye.

"Nangojea mteja mmoja," anasema. "Amesema atakuja. Lakini mimi ningekuwa yeye, singekuja."

Mteja huyo ni Jeruto, mwanamke wa miaka ishirini na saba kutoka Lugari, anayeuza mbegu na dawa za mifugo katika duka moja hapa mjini. Kwa miaka minne hakuna mkono mwingine uliogusa nywele zake. Kisha akaacha kuja ghafla, na tangu Pasaka hajakanyaga hapa. Kilichowatenganisha si bei wala nywele kukatika. Ni kitabu cha hadithi.

Nabwire ana umri wa miaka arobaini na moja. Anaishi Shinyalu na binti yake, Shantel, na ndiyo maana wateja humwita Mama Shantel. Karo ilimtoa shuleni akiwa kidato cha tatu, lakini haikumtoa kwenye vitabu. Hununua riwaya za mitumba kwa mzee mmoja anayezitandaza kando ya barabara, na huzisoma saa ya chakula cha mchana huku mandazi yakipoa.

Kusuka rasta ndogo huchukua saa tano, sita. Malipo ni shilingi elfu moja, na mteja hana pa kwenda mpaka kichwa kiishe. Muda wote huo mdomo haukosi la kusema, na saluni nyingi hula majirani wakiwa wabichi. Nabwire alichoshwa na umbea huo, akaanza kuwahadithia wateja kile alichokuwa akisoma, kwa Kiswahili chake mwenyewe.

Wakanogewa. Hadithi ilikatika pale ncha za rasta zinapochovywa kwenye maji moto, na aliyetaka kujua kilichoendelea ilibidi arudi.

"Wengine walikuwa wanafumua nywele kabla haijazeeka," anasema akicheka. "Eti inawasha. Haikuwa inawasha."

Mwanzoni mwa mwaka jana akapata riwaya ya vijana yenye jalada la zambarau, iliyochanika pembe moja. Ni habari za msichana aitwaye Ilva, katika nchi isiyopambazuka, ambako watu huenda sokoni kununua alfajiri iliyofungwa kwenye chupa. Ilva anapendana na mwana wa mfalme. Naye, kwa kuogopa kumpoteza, anamfungia msichana huyo kwenye mnara wa chumvi na kuondoka na ufunguo.

Nabwire anakiri kwamba nusu ya kwanza ya kitabu hicho ilimteka akili. Lile soko la alfajiri alilisoma mara tatu, na hata leo akipita kwa wauza maziwa asubuhi hulikumbuka. Kurasa za mabusu aliziruka alipohadithia, kwa sababu hapa huja pia akina mama wa kanisa, ingawa ni hao hao waliomuuliza mbona hadithi imeruka.

Nusu ya pili ilimuudhi. Mwana wa mfalme anarudi, anapiga magoti, anatoa machozi kurasa mbili, na Ilva anamsamehe. Nabwire anasema alikirusha kitabu kikagonga mashine ya kukaushia nywele.

Hasira hiyo ilikuwa na mizizi. Baba yake Shantel naye alijua kupiga magoti. Alisamehewa mara ya kwanza, akasamehewa mara ya pili, na mara ya tatu aliondoka na mashine ya kwanza ya saluni, akaiuza. Nabwire alianza upya kwa kusukia wateja barazani kwa jirani.

Basi siku ya kuhadithia sura za mwisho ilipofika, akabadilisha. Katika hadithi yake, Ilva anamwacha mwana wa mfalme magotini, anateremka mnara na kwenda kufungua kibanda chake katika soko la alfajiri. Saluni nzima ilipiga makofi.

Jeruto ndiye aliyekuwa kitini. Nabwire, kama wasusi wengi, huanzia kisogoni na kupanda mbele, kwa hiyo mteja alikuwa ameinamisha kichwa, kidevu kifuani. Hakupiga makofi. Nabwire hakuona uso wake.

Ambacho hakukijua ni kwamba siku hizo Jeruto alikuwa akipima jambo lake. Mchumba wake, Eugene, alikuwa ameacha kupokea simu zake miezi yote ambayo mamake Jeruto alikuwa mgonjwa. Mama alipopona, Eugene akajitokeza kuomba msamaha. Jeruto hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa akiisikiliza hadithi ya Ilva kana kwamba inamhusu, akingoja kuona binti huyo ataamua nini.

Jioni ile akamwandikia Eugene ujumbe wa kumkataa. Eugene akahamia Kitale, na mwaka huu akapeleka posa kwa watu wengine.

Pasaka, Jeruto alikwenda nyumbani Lugari na kumkuta mdogo wake, Cherop, aliyekuwa amekisoma kitabu hicho hicho chuoni. Wakabishana kuhusu mwisho. Cherop akamwonyesha sura ya mwisho kwenye simu. Jeruto alisoma mpaka neno la mwisho, kisha akampigia Nabwire. Msusi huyu anayakumbuka maneno yale bila kukosa hata moja.

"Aliniambia, 'Mama Shantel, sijui kama ningemrudia. Pengine singemrudia. Lakini ungeniachia nichague mwenyewe. Saa hii siwezi jua.' Akakata simu."

Maji yanaanza kuchemka na Nabwire hainuki.

Baada ya simu ile alikitafuta kitabu, akasoma tena sura ya mwisho polepole, na hapo ndipo majuto yalipomkaa. Kulikuwa na ukurasa mmoja ambao alikuwa ameupita kwa hasira. Ilva anamsamehe mwana wa mfalme, ni kweli, na anarudi kuishi naye. Lakini kabla hawajaondoka anaufunga mnara na kuutia ufunguo mfukoni mwake. Mwana wa mfalme ananyoosha mkono auchukue, naye hampi.

"Nilikuwa nimekasirikia mtu mwingine, nikakasirikia kitabu," anasema. "Bado naona huyo mwandishi amedanganya. Machozi ya kurasa mbili haimbadilishangi mtu. Lakini na mimi nilidanganya, na mimi nilimdanganya mtu nampenda."

Tangu hapo hajahadithia kitabu chochote. Wateja wamelalamika, wamezoea, wamerudia umbea wao. Kitabu cha zambarau kimekaa kwenye droo ya vitana. Wiki iliyopita alijikaza, akamtumia Jeruto ujumbe mfupi: kwamba angependa kumsuka tena, bure, na kumsomea sura ya mwisho jinsi ilivyoandikwa. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Jeruto alisema atakuja Jumamosi, na atalipa.

Leo Nabwire amepanga kuanzia mbele, kwenye paji la uso, ingawa kwa njia hiyo nywele zitamwangukia machoni na kazi itachelewa. Anataka amwone anapomsomea. Akiona uso umebadilika, anasema, atanyamaza amsubiri.

Inakaribia saa nne mlango unapofunguka. Jeruto anaingia amejifunga kitambaa kichwani, anasalimia kwa sauti ya chini, anakitazama kiti kilichogeuzwa. Anakaa, anafungua kitambaa, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi wawili hawa wanatazamana.

Nabwire anatoa kitabu kwenye droo, anakifungua magotini kwa mteja wake. Vidole vyake vinatafuta njia ya kwanza ya nywele, juu tu ya paji la uso.

"Nianzie wapi?" anauliza.

"Anzia pale ulidanganya," anasema Jeruto. "Na usiruke kitu."