Chungu Kisichochemka

Dada yangu alijifungulia mtaa wa Sakina msimu wa baridi, mlima Meru umejifunika mawingu wiki nzima. Mtoto alikuwa mzima, ila maziwa yalikataa kutoka. Ananyonya, hapati kitu, analia mpaka anasinzia kwa kuchoka, anaamka, analia tena. Mimi ndiye niliyeletwa kumhudumia mzazi. Nilikuwa nimemaliza la saba, kazi sina, mikono ninayo. Nepi, maji, vyombo, mtoto, nepi tena. Nikikaa tu, nasinzia.

Kila aliyekuja alisema neno moja: supu. Supu ya mifupa, iliyoiva hasa. Lakini jiko la mkaa linataka mtu wa kulikalia, na mimi wa kukaa nilikuwa nani?

Shemeji alikuwa dereva wa lori. Miaka ile ya ruksa kila kitu kilikuwa kinauzwa, akarudi na chungu cha umeme alichonunua kwa Wazungu wa Njiro waliokuwa wanahama. Udongo mzito ndani ya gamba la bati, mfuniko wa kioo.

“Shemeji, sasa utapumzika,” akaniambia. “Unatia mifupa asubuhi, unawasha, unakiacha mpaka jioni. Ila usifunue! Yule mama aliyeniuzia kasisitiza. Ukifunua joto linakimbia, kinaanza upya.”

Nikatia mifupa ya goti, vitunguu na tangawizi, nikawasha. Papo hapo nikajiona nina mgahawa wangu barabara ya Nairobi, vyungu sita vimejipanga ukutani, supu inajipika, mimi nasukwa nywele.

Mama mkwe wa dada, aliyetoka Kilimanjaro kumwona mjukuu, akaingia jikoni. Akatega sikio.

“Mbona kimya?” Akafunua. “Hii haichemki.”

“Inaiva polepole, mama.”

“Supu isiyochemka ni maji ya kuoshea miguu, mwanangu.”

Akaja jirani, mama wa Kimeru, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Hata mtoto hajamwona, kafunua, kanusa, kadai chumvi. Akaja mwingine, na mwingine. Kwetu ukienda kumwona mzazi lazima uchungulie anachopikiwa, ndipo ujue anatunzwa. Asiyechungulia ana kinyongo. Sasa nitamwambiaje mtu wa umri wa mama yangu, shikamoo, usifunue?

Jioni mifupa ilikuwa migumu kama ilivyotoka buchani. Chumbani mtoto alilia, kisha nikaona dada naye analia, bila sauti, uso kaugeuzia ukutani. Nikajifuta macho kwa nepi kavu ya mwisho.

Kesho yake nikaanza upya, mgongo unauma. Nikatoa kiti cha sebuleni, kile chenye kitambaa cha kufuma, nikakiweka kando ya chungu.

“Mama,” nikamwambia mama mkwe, “hiki kitu kimenishinda. Wakubwa wanafunua, mimi mtoto siwezi kuwakataza. Mwenye mjukuu ni wewe.”

Akaniangalia. “Nikilinde kama mbuzi?”

“Kama mbuzi, mama.”

Akacheka, akakaza khanga kiunoni, akakaa.

Jirani alipoinua mkono tu, nikasikia: “Wee! Acha hapo! Kuna mwiko.”

“Mwiko gani?”

“Wa kwetu mlimani.”

“Wa kwenu mlimani, kwa chungu cha Wazungu?”

“Huo huo! Nenda kamchungulie mtoto, yeye hana mfuniko.”

Wakacheka mpaka dada akauliza kuna nini.

Jioni nyama iliachia mfupa yenyewe, uboho ukaelea juu. Mama mkwe akaonja. Akajaza bakuli, akampelekea dada kwa mkono wake mwenyewe. Dada akanywa, akaomba nyingine, akalala. Mimi nikasema nikae kidogo tu.

Nilipoamshwa kulikuwa kumekucha, nimefunikwa shuka la Kimasai.

“Amka, mwanangu,” mama mkwe akasema kwa kunong’ona. “Njoo usikie.”

Chumbani mtoto alikuwa anameza. Unasikia kabisa, ku, ku, ku, maziwa yanamwagika pembeni ya mdomo. Dada akaniashiria kwa kidole nisiseme neno. Niliegemea mlango, nikasikiliza, nikalala tena nikiwa nimesimama.