Mtu Aliyemkalia Kaka Kifuani

Kaka yangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kule Kizota, Dodoma, hadi maradhi ya akili yalipompata. Alianza kusikia sauti, akaacha kazi, akarudi Ipagala kukaa na mimi na mama. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka yamejaa sabuni na khanga tena, nami nilikuwa na meza ya mitumba sokoni. Kila mwezi nilimpeleka kituo cha afya kuchomwa sindano ya kumtuliza. Chumba cha wagonjwa wa akili kilikuwa cha mwisho, nyuma ya jengo, na watu walikipita kwa mbali. Mama hakuwahi kufika. Alisema magoti yanamuuma, ingawa sokoni alikwenda kwa miguu.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, kaka akaanza kusema, "Kuna mtu amenikalia kifuani."

Tulidhani ni zile sauti. Alikuwa anakohoa, lakini kwa vumbi la Dodoma nani hakohoi? Suruali zilipoanza kumvuka nilizipunguza kiuno, nikampeleka kwa tabibu wa wagonjwa wa kawaida. Kaka alimweleza habari za yule mtu wa kifuani. Tabibu akaweka kalamu chini.

"Huyu ana kliniki yake kule nyuma," aliniambia. Hakumgusa hata mkono.

Tukaenda nyuma. Nesi wa chumba kile alikuwa mama wa makamo, mtu wa Kondoa, mpole wa sauti. Nilimwamkia, nikamweleza kwa aibu, kama vile nimemletea upuuzi. Yeye alivuta kiti akaketi mbele ya kaka.

"Huyo mtu anakaa upande gani?"

Kaka akagusa kulia.

"Anakusumbua zaidi saa ngapi?"

"Usiku. Ananimwagia maji, naamka shati limelowa."

Nesi akanigeukia. "Analowa jasho?"

Yale mashati niliyafua mimi, wiki nyingi, nikimgombeza kwamba anajimwagia maji.

Nesi alikwenda kliniki ya mama na mtoto kuazima mzani, akampima. Akamsikiliza kifua, mbele na mgongoni, kisha akampa kaka vikopo vya kutemea makohozi yakapimwe. Majibu yalipotoka, ugonjwa ulikuwa kifua kikuu.

Tatizo likawa dawa. Miezi miwili ya mwanzo mgonjwa alipaswa kumeza kila asubuhi mbele ya mhudumu, kwenye foleni ya jengo la mbele. Siku ya kwanza watu walihama benchi alilokaa kaka, maana walimjua ni wa chumba cha nyuma. Siku ya pili alikataa kutoka nyumbani. Nilimweleza nesi. Alikwenda kuzungumza na wenzake wa jengo la mbele, akakaa huko muda mrefu, kisha akarudi na boksi la vidonge.

"Atamezea hapa kwangu," alisema.

Kabla ya kumpa, alimwambia, "Mkojo wako utakuwa mwekundu. Si damu, wala hakuna aliyekuwekea sumu. Ni rangi ya dawa." Niliogopa kwamba ameharibu kila kitu kwa kumwambia. Lakini kesho yake kaka alitoka chooni anacheka, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu. "Sista hakudanganya," alisema. Tangu hapo alitangulia mwenyewe asubuhi, mimi nikimfuata nyuma, na baadaye akawa anakwenda peke yake.

Alipona kifua. Sauti hazikumwacha kabisa, lakini zilipungua, na aliupata mwili wake tena. Nilinunua zabibu za Dodoma, nzuri kuliko zote nilizoweza kupata, nikampelekea nesi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya shukrani. Nilisema "ahsante" tu, nikamkabidhi zabibu.

Akapokea, akauliza, "Mama yenu yuko wapi? Mlete nimpime presha. Kulea mgonjwa kunachosha."

Nilimfikishia mama maneno yale. Wiki iliyofuata, siku ya sindano ya kaka, alivaa khanga mpya akaniambia twende. Alikuta benchi la nyuma lina mama mwingine na mwanawe, akawasalimia, akaketi katikati yao na kaka. Presha ilikuwa juu, akaanza dawa. Mpaka yule nesi alipohamishwa, mama hakukubali kupimwa na mtu mwingine.