Utenzi Ulionywewa

Maalim wetu wa Kiswahili, huko Mgogoni, alikuwa hachoki kutwambia: msomi asiyezijua tendi za zamani ni msomi wa jina tu. Utenzi alioupenda kuliko zote haukupata kupigwa chapa. Bibi yake aliunakili kwa herufi za Kiarabu, wino wa masizi, na nakala ilikuwa hiyo hiyo moja. Maalim mwenyewe hakuuhifadhi kichwani, akisema kichwa chake kimeshachoka, vichwa vipya ni vyetu. Basi akatuazima kwa zamu tuuhifadhi, na zamu ya kwanza ikawa yangu.

Wadogo zangu hawakuwa na huruma na karatasi. Nikaufunga kitambaa cheupe, nikauweka kando ya msahafu, nikamwambia mama, "Hiki kitukufu. Kisishikwe bila udhu." Mama hakujua kusoma, akaniamini. Nami, mvivu mkubwa, nikahifadhi beti thelathini tu za mwanzo, nikaenda zangu kucheza nage.

Mwaka ule siasa ilikuwa imetuingilia mpaka jikoni. Shehe aliyekuwa akituandikia kombe, zile aya za zafarani zinazooshwa kwa maji mgonjwa akanywa, alikuwa wa chama kingine. Baba akaapa hatumkanyagii mlangoni. Ndipo mdogo wangu wa kike akashikwa na homa, siku ya tatu akawa hatujui.

Nilirudi kutoka skuli nikakuta kurasa za utenzi zimeanikwa uani, nyeupe pee. Bakuli lina maji meusi chini.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nshamnywesha. Nlikuwa na udhu, mwanangu, usihofu."

Lo! Nilitamani ardhi inimeze. Ningemgombezaje, na uongo ni wangu? Homa ikashuka alasiri ile ile, na mama akakisifu kile kitabu mpaka siku anakufa. Sikuthubutu kumwambia.

Maalim nilimwambia yote, nalia.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, Maalim."

"Alhamdulillahi." Akavuta karatasi, akachovya kalamu. "Basi nisomee, niandike. Alhamdulillahi umo kichwani mwako."

Nikasoma. Akaandika, uso unaanza kumrudia, mara mbili akatabasamu. Ubeti wa thelathini ukaisha.

"Endelea, mwanangu," akasema, kalamu ipo tayari.

Nikaangalia miguu yangu. Akangoja mpaka kengele ikagongwa.