Njia ya Mkasi

"Dada, mbona huendi kwa kinyozi zikawa sawa zote?"

Taqwa alikuwa na miaka saba alipouliza hivyo, amepiga magoti kitandani nyuma ya dada yake Hindu, kidole chake kikitembea juu ya ngozi tupu ya kichwa. Njia ilianzia kwenye paji la uso ikaishia kisogoni, pana kama vidole viwili, na huku na huku nywele alizosuka bibi yao bado zimelala vizuri.

"Toa kidole, unanitekenya," Hindu akasema. Basi.

Wiki hiyo shule ya Hindu, upande wa Kyambogo, ilikuwa imebadilisha sheria za mavazi. Jana kusuka ruhusa, leo kila kichwa kinyolewe. Otema, mwalimu wa nidhamu, aliingia mstarini na mkasi, akawapitia wasichana mmoja mmoja. Mkasi ulipita mara moja tu, katikati. Aibu ndiyo iliyokuwa ikupeleke kwa kinyozi kumalizia. Na kweli, wenzake Hindu wote walinyoa jioni ileile. Hindu alirudi kesho yake na njia yake.

Wavulana wakamngoja mlangoni. "We Hindu! Kwenye barabara yako boda zinapita?"

"Zinapita. Ukiona mashimo, mlalamikie injinia."

Darasa likaangua kicheko. Kufikia mchana, Otema alikuwa Injinia kwa shule nzima. Akigeuka kuandika ubaoni, kuna mtu nyuma ananguruma kama trekta.

Haukupita muda, Otema akamwita Hindu pembeni, sauti imeshuka. "Binti, kanyoe basi. Nitakupeleka mwenyewe."

"Ulianza mbele ya watu, ticha. Malizia mbele ya watu."

Akampa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya jiko. Hindu akafyeka huku anaimba.

Ikafika siku ya wazazi. Mama yao alitoka Kibuli na mtandio wa akiba mkobani, Taqwa kamng'ang'ania gauni.

"Hindu, mwanangu, jifunike. Unatutia aibu."

"Aibu ina mwenyewe, mama. Yule pale, mwenye tai."

Akaenda kukaa mstari wa mbele, uso kwa uso na meza ya wageni. Otema aliposimama kuzungumzia nidhamu, Hindu aliinama taratibu, kama anayefunga kamba ya kiatu, akakaa hivyo hivyo. Njia yote ikawa wazi. Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja akashindwa kujizuia: "Huyu mtoto kafanywa nini kichwani?"

"Injinia!" likajibu darasa zima.

Otema akapekua karatasi zake, akazipekua tena. Taqwa hakumtazama sana. Alimtazama dada yake, ambaye alikuwa bado ameinama, anatabasamu peke yake huko chini.

Muhula uliofuata sheria ikabadilishwa tena, kusuka kukarudi. Mama akashukuru, akidhani yamekwisha.

Hindu alipomaliza shule akafungua saluni. Angeweza kupata chumba Kibuli, karibu na nyumbani. Akachukua kile kinachotazamana na geti la shule ile. Nywele zake zilikuwa zimeota zote, lakini alizitenganisha palepale mkasi ulipopita, pana, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Asubuhi Otema anapokaribia geti, Hindu husimama mlangoni, akavua mtandio kana kwamba joto limemzidi, akaukung'uta. Otema huvuka barabara mapema, asipite mbele yake, macho kwenye viatu.

Sasa Taqwa naye anasoma hapo. Asubuhi moja, akiwa chini ya vidole vya dada yake, aliona mtandio ukivuliwa na mwalimu akivuka. Alikuwa amezeeka; mkoba ulimvuta bega upande. Swali lake la utotoni likamrudia.

"Dada, hukuwahi kunijibu. Kwa nini hukunyoa tu, yakaisha?"

Hindu akaukung'uta mtandio mara ya mwisho, akarudi kushika nywele za mdogo wake.

"Ningenyoa, angepumzika. Na mpaka leo, Taqwa, sijamruhusu apumzike."