Kikaango Kilichokuwa cha Kuku

Mama mkwe wangu alikuwa hajala chakula changu hata siku moja. Nilikuwa na miezi minane tangu niolewe kwao, karibu na Merigi, upande wa Wakipsigis, mapema miaka ya sabini, na kila nilipompelekea sahani alinishukuru kwa adabu, akasema ameshiba, kisha akawaita watoto wa jirani. Ugali wangu, mboga zangu, hata kuku niliyemchinja Krismasi. Ameshiba. Mtu gani anashiba miezi minane? Niliumia, sifichi, na mimi nikiumia huwa nakasirika.

Nilikuwa nimetoka Kisii. Yeye alijua Kipsigis, mimi Kigusii, kwa hiyo tulisemezana kwa Kiswahili cha kuokota sokoni, kila mmoja akikivunja anavyoweza. Mume wangu alipima majani ya chai kituoni na kurudi jioni amechoka hoi. Nilipomlalamikia alicheka tu, akasema nimpe mama muda.

Nikaamua nitampikia chapati. Siku hizo chapati ilikuwa ya Krismasi na ya wageni wa maana, na sikuwahi kuona mtu akiikataa. Shida ilikuwa chombo, maana sufuria zangu nyembamba ziliunguza kila kitu. Basi asubuhi moja, nikifagia banda la kuku, nikagundua kwamba kile chombo cha kuwawekea kuku maji kilikuwa na mpini. Nikakigeuza na kukwangua uchafu. Kikaango cha chuma, kizito cha kuvunja mkono, cha aina ile waliyoiacha nyuma Wazungu wa mashamba ya chai walipofungasha virago. Kutu ilikuwa imekila chote, ndani na nje.

"Hiyo ni ya kuku," mama mkwe akasema kutoka mlangoni pake. "Kuku itakunywa wapi sasa?"

"Nitawawekea mkebe, mama."

"Kwa hivyo wewe unataka kupikia watu na sahani ya kuku?" Akacheka mpaka akashika nguzo ya mlango.

Nilikisugua siku nzima kwa mchanga wa mtoni, jivu, gunzi la mahindi na kipande cha tofali. Vidole vilichubuka, lakini ilipofika saa tisa chuma kilikuwa kimetakata, nami nikajiona fundi. Nikakiosha kwa sabuni ya kipande, nikakianika juu ya ua kama nilivyozoea kuanika sufuria, nikaingia ndani kunywa chai. Ikanyesha ile mvua yetu ya alasiri isiyokosa. Nilipotoka, kikaango kilikuwa kimerudia kutu yake yote.

Kesho yake nikasugua upya na kuongeza sabuni, nikidhani sikukiosha vizuri. Kutu tena. Mara ya tatu nilikipiga teke, jambo ambalo simshauri mtu yeyote. Nilikaa chini nimeshika kidole cha mguu, nikitukana kwa Kigusii kwa sauti, na nilipoinua macho mama mkwe alikuwa amesimama mbele yangu.

Hakucheka safari hii. Alikiokota, akakipitishia kidole.

"Wachana na sabuni," akasema. "Sabuni ndio inaua hii kitu. Inataka kutengenezwa kama kibuyu."

Vibuyu alivijua kuliko mtu yeyote pale kijijini. Ndani yake aliweka mursik, yale maziwa yanayolazwa siku kadhaa mpaka yawe mazito, na kibuyu chake hakikuwahi kuona sabuni. Kila mara alikikausha kabisa, kisha akakisugua ndani kwa kijiti cha mti wa senetwet chenye kaa la moto, mpaka weusi ukashika. Ndiyo maana mursik yake ilikuwa na rangi ya kijivu na harufu ya moshi.

Basi tulisugua kutu kwa mara ya mwisho, naye akakipeleka kikaango moja kwa moja motoni mpaka kikakauka. Akaleta mafuta ya mkia wa kondoo na kitambaa.

"Paka. Sasa pangusa. Bado. Pangusa kama mtu ameiba mafuta na hataki ijulikane."

Kikafuka moshi, tukangoja, tukapaka tena. Tulirudia hivyo mara nne, na kila mara kikazidi kuwa cheusi. Kisha akachukua kijiti chake chenye kaa, akaanza kukisugua ndani.

"Mama, hiyo si ya maziwa?"

"Nyamaza, wewe."

Nikakanda unga. Chapati ya kwanza niliiweka, na nilipoisukuma kwa kidole ikateleza. Haikushika hata kidogo! Nilipiga kelele za furaha mpaka kuku wakatimka. Kisha nikaigeuza. Upande wote ulikuwa na madoadoa ya kijivu, na jikoni kulinuka kibuyu. Nilitaka kuitupa nje.

"Leta," mama mkwe akasema.

Aliinusa. Akamega, akatafuna polepole akitazama ukutani, nami nimesimama na mikono yenye unga, sijui pa kuiweka. Akamega tena. Alipomaliza aliipangusa mikono kwenye nguo yake, akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Ingine. Na uongeze chumvi."

Nilipika hadi unga ukaisha. Sikumbuki alikula ngapi, na sikumbuki mimi nilikula ngapi, ila tulikula pamoja tumekaa sakafuni, kikaango katikati. Jioni mume wangu akarudi na kunusa mlangoni, akauliza kwa Kipsigis kama amewekewa kitu. Mama yake akamjibu kwa Kiswahili, yeye ambaye hakuwahi kusema na mwanawe kwa Kiswahili, akanitazama mimi wakati wa kusema.

"Sisi tumeshakula," akamwambia. "Wewe ulikuwa wapi?"