Nilitangaza Asili ya Bi Hidaya, Harusi ya Salma Ikavunjika

Kosa ni langu. Si la mama yangu, si la mwalimu, wala si la yule mama mkwe wa Houston, ingawa simpendi mpaka leo. Mimi ndiye niliyefungua mdomo. Majina yote humu nimeyabadilisha, na langu silisemi kabisa.

Nina miaka kumi na sita, nasoma sekondari hapa DeSoto, Marekani. Mimi ni katika wale watu wa kukaa pembeni. Mwalimu akiniuliza kitu jibu ninalo, lakini koo linafunga. Wenzangu wanapiga simu, mimi naandika. Sasa nawaandikia nyinyi, maana hakuna aliyebaki wa kumwambia.

Bi Hidaya tunakaa naye jengo moja, sisi juu, yeye chini na mjukuu wake Salma. Tangu nipate akili namjua kama shangazi yake baba. Walikuja Marekani pamoja kutoka Unguja, na anatumia jina la ukoo wetu. Mimi alikuwa akiniita “mjukuu wangu.”

Salma anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Ndiye aliyenifundisha ku-drive, na hata siku nilipogonga pipa la taka alicheka tu, akasema, “Haya, limekoma hilo! Turudi nyuma.” Alikuwa ameposwa na kijana wa Houston, Mzanzibari mwenzetu. Walikuwa wakizungumza kwenye simu mpaka sikio linapata moto. Kanga zilishanunuliwa, udi ulishaletwa.

Jamani, mtu wa namna hiyo ndiye niliyemharibia!

Yalianza shuleni. Walitupeleka kutembelea shamba la zamani la pamba, kule kusini karibu na Houston. Aliyetutembeza alikuwa mama wa Kizungu, amevaa gauni refu la kizamani. Akatuonyesha piano, mapazia, vijiko vya fedha. Akasema walowezi wa kwanza walipofika, nchi ilikuwa tupu. Mtu akauliza habari za Wahindi Wekundu. “Ah, hao walikuwa wanapita tu,” akajibu. Akatutajia majina ya farasi wa bwana shamba, mmoja mmoja, kwa mapenzi kabisa.

Halafu tukafika kwenye vibanda vya watumwa. Hapo akawa na haraka.

Rafiki yangu Keisha, ambaye ni Mmarekani mweusi, akauliza, “Waliokaa humu walikuwa wanaitwa nani?”

“Hayo hatunayo, mpenzi.”

“Ya farasi mnayo?”

Yule mama akatabasamu, akatuambia basi linasubiri.

Mimi nilibaki nyuma kidogo. Kwenye dohani ya kibanda, tofali moja lilikuwa na alama za vidole, vya mtu aliyelishika likiwa bado bichi. Vidogo. Vya mtoto. Sijui kwa nini niliweka vyangu. Vikaenea! Nilitoka mbio, na mpaka leo nikigusa ukuta wowote nahisi kuna mkono upande wa pili.

Mwalimu akatupa kazi: ulizeni nyumbani, watu wenu walikuwa wapi wakati ule, na walikuwa nani.

Nikashuka kwa Bi Hidaya. Alikuwa anakanda unga wa maandazi. Nikamuuliza, “Bibi, na kwetu Unguja watumwa walikuwepo?”

Alikanda, akakanda. Mwisho akasema, “Nenda kafunge mlango.”

Nikafunga.

“Bibi yangu mzaa mama aliletwa mdogo kutoka Nyasa. Hajavunja ungo. Babu wa babu yako ndiye aliyemnunua, akamtia kwenye shamba la karafuu. Wakamwita Faida.”

“Faida? Ndilo jina lake?”

“Ndilo walilomwita.” Akafuta mikono. Akaniinamia sikioni, akanitajia jina alilopewa na mama yake huko kwao. Hilo siliandiki.

“Kwa hiyo sisi si ukoo mmoja?” nikauliza.

“Mjukuu wangu,” akasema, “sisi si ukoo wenu. Sisi tulikuwa mali yenu.”

Akaurudia unga wake kama aliyetaja bei ya nyanya. Hakuniambia nisiseme. Lakini mlango ulifungwa! Mwenye akili angeelewa.

Mimi niliandika ripoti. Niliandika yote, na majina yote mawili. Mwalimu akanisimamisha mbele niisome, na kwa mara ya kwanza koo halikufunga. Keisha alilia, akanikumbatia, akasema angalau mmoja jina lake limepatikana. Nikapata alama ya A. Nikajiona nimetenda haki. Nikajiona si kama yule mama wa gauni refu.

Haikupita muda tukaenda Houston kwa akina bwana harusi, wanawake tu, kupanga mambo ya siku yenyewe. Mama, Bi Hidaya, Salma na mimi. Mama mkwe mtarajiwa alitupokea vizuri, nyumba nzima inanukia ubani. Kulikuwa na dada zake wawili, watu wa utani.

“Huyu binti yenu bubu?” mmoja akauliza huku ananiongezea sambusa. “Au ulimi kaacha DeSoto?”

“Mwache, huyo anauweka akiba wa kumgombeza mumewe!” mwenziwe akadakia. Wakacheka wote, hata Salma.

Mama akaona aibu, akanitetea. “Si bubu. Juzi kasimama mbele ya darasa zima, kapata A ya historia. Hebu waambie, mwanangu.”

Mama hakujua nilichoandika. Wallahi hakujua.

Wote wakanitazama. Na mimi, pumbavu mimi, nikasikia ile raha ya siku ya darasani inanipanda. Nikasema kwa Kiswahili fasaha, sauti wazi: “Niliandika habari za bibi yake Bi Hidaya. Alinunuliwa na watu wa kwetu. Alikuwa mtumwa, na jina lake hasa lilikuwa…”

Nikalitaja! Mbele yao wote!

Mama alinifinya paja mpaka nikaruka. Lakini nilishamaliza.

Mama mkwe alikuwa ameshika birika. Hakulitua. Alimtazama Bi Hidaya, kisha Salma, kwa utaratibu, kama mtu anayekagua kitambaa alichokwisha kulipia. “Ala,” akasema. “Sisi tuliambiwa ni ndugu wa ukoo.”

“Ni ndugu zetu,” mama akasema haraka.

“Hata kwetu walikuwepo,” dada mtu akasema. “Lakini hatukuwaita watumwa. Walikuwa watu wa nyumbani tu. Walikula vizuri.”

Nikamsikia yule mama wa gauni refu, sauti ileile, ila sasa ilikuwa kwa Kiswahili. Nikataka kujibu. Koo likafunga. Wakati wa kunyamaza nilisema, na wakati wa kusema nikanyamaza!

“Karibuni kahawa,” mama mkwe akasema. Ya harusi hayakuzungumzwa tena. Njia nzima ya kurudi Salma aliendesha gari bila redio.

Simu ikaja baadaye. Eti kijana anataka kwanza kumaliza masomo. Kijana mwenyewe hakupiga. Salma alimpigia mpaka namba ikabadilishwa.

Nilimwomba Salma radhi pale kwenye ngazi. Aliniambia, “Nilikuwa nimwambie mwenyewe, unajua? Nilikuwa natafuta siku. Pengine angekubali. Sasa sitajua.” Akapita. Mwezi ule akahamia Fort Worth, anafanya zamu mbili kwa siku. Kanga alimwachia mama yangu.

Kwa Bi Hidaya nilikawia kushuka. Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake. Aliponiona, akasimama. Na magoti yake yale mabovu, alishika meza, akasimama wima.

“Karibu, bibi mdogo,” akasema.

Nilidhani ananitania, kuniita kama mtumwa amwitavyo binti wa bwana wake. Nikamwambia, kaa, Bibi, tafadhali. Hakukaa. Nikapiga magoti, nikalia, nikamwomba anisamehe. Akasema amesamehe, Mungu shahidi, na hakuwa na hasira hata chembe.

“Nilikwambia wewe,” akasema, “kwa sababu wewe ndiye usiyesema.”

Basi nawaambia, hasa nyinyi wakimya wenzangu. Watu wanatuamini kwa ukimya wetu, wanatuwekea vitu ambavyo hawajawahi kumwekea mtu. Msije mkavitoa kwa sababu siku moja mmesikia utamu wa kutazamwa! Wala msijidanganye kwamba mnatenda haki. Aibu ya yaliyotendwa ilikuwa ya watu wa kwetu, lakini niliyeitangaza ni mimi, na aliyelipa ni Salma. Muulizeni mwenye siri kwanza: niseme, au ninyamaze? Ni neno dogo. Mimi sikuliuliza.

Baba anasema nizoee, nishuke nikamsalimie mzee, ni adabu. Nimeshuka mara nyingine. Kila nikiingia anashika meza, anasimama, na hakai mpaka nitoke.

Sasa sishuki. Nayahurumia magoti yake.